Mama Iko Nabo mu Kinywa

Hortense, muke wa boyi wa jirani, anasema ilikuwa hivi. Siku ya pili ya juma, asubui, jua haiyatoka muzuri, alisikia harufu mu boyeri yetu, ile nyumba ya boyi, harufu ya samaki ya kukaranga mu mafuta ya ngazi, ya mawese, na pilipili juu. Anasema alichungulia mu lupango, ule uwanja wetu, akaniona niko nafuta mudomo na ncha ya kikwembe. Anasema mwanamuke wa mimba ya miezi sita, kama roho yake inataka samaki, atakula hata ya muzungu, hata ya padri. Na kama bantu banakataa kusadiki, anatia neno ya mwisho:

«Faustin mwenyewe alisema! Miye nilisikia na masikio yangu mbili! Muzungu alimuuliza batoto ya samaki iko wapi, yeye akajibu: Mama njo iko nabo mu kinywa.»

Ile neno ya mwisho ni ya kweli. Faustin aliisema. Ile ingine yote ni bongo, ni uongo tu.

Hortense alianza kuihadisia pa robine, pale banamuke ba boyeri tatu tunachotaka mayi. Siku ya pili samaki zenye nilikula zilikuwa tano. Siku ya tatu zilifika makumi mbili. Siku ya ine niliisha kukula makumi ine, pamoja na bukari, ugali yetu, mikono mbili, na sahani nikailamba. Kama angepata juma ingine, ningemeza na kiziba yenyewe.

Ule mwaka, 1957, tulikuwa tunaikala nyuma ya nyumba ya Musiu Lambrecht, mu Makomeno, mutaa wa Elisabetvili. Alikuwa injinia wa reli, kazi yake kupima madaraja. Bantu balimuita Kishindo juu ya bilatu yake: ngozi nzito, misumari chini. Kama anatembea mu baraza, sahani zinalia mu kabati. Faustin, mume wangu, alikuwa boyi wake wa nyumba, mwaka wa tatu. Boyeri yetu ilikuwa chumba moya, na mulango yake iliangalia kiziba.

Ile kiziba, shimo ya mayi ya samaki, Kishindo aliijengesha na simenti nyuma ya nyumba, pembeni ya ukuta yenye inapata jua. Mayi ilifika muntu mu kiuno. Chini kulikuwa tundu na kizibo ya chuma, na munyororo ya kuvuta. Ukivuta, mayi yote inakwenda mu bilanga ya mboga. Ndani alitia mabwe, na chungu moya ya kuvunjika, na majani ya mayi. Kisha alileta samaki kutoka Albertville na treni, mu bidoni ya maziwa. Zilitoka kumi na mbili, zikafika nzima sita: mwanaume moya wa bluu sawa wino, na banamuke tano ba rangi ya majivu.

Lakini Elisabetvili haiko Tanganika. Mwezi wa saba baridi ya huku inauma mpaka mu meno. Kila magaribi Faustin alifunika kiziba na mikeka ya matete. Asubui alifunua, kisha alichemsha mayi, akaifungia mu bidoni kidogo, akaziacha zielee mu kiziba ili zitoe moto polepole. Kipimo ya baridi ilikuwa inaning'inia ku kamba, na Kishindo alikuwa anaivuta mbele ya kunywa kawa yake.

«Faustin! Samaki moya nakufa, weye pia nakufa!»

Alikuwa anacheka akisema vile. Faustin hakucheka.

Miye zile samaki nilikuwa naziyua. Nilizaliwa pembeni ya ziwa, karibu na Baudouinville, na nkambo wangu, bibi yangu, alikuwa muuzishaji wa samaki. Mara ya kwanza nilikamata samaki ya kidevu ya kuvimba, alinipiga ku mukono. «Rudisha mu mayi! Huyu anabeba. Shiye tunabeba mu tumbo na ku mugongo, yeye anabeba mu kinywa. Mayayi yake iko mule, batoto bake beko mule. Hakuli kitu mpaka bapate nguvu.» Alinionyesha ginsi anabatosha bacheze, na kama kivuli inapita, anafungua kinywa na bote banarudia ndani. Kisha nkambo alisemaka neno ingine, na ile njo ilinitesa ile juma yote: «Usimuogopeshe mara nyingi. Mama mwenye kuogopa sana anasahau kama mu kinywa yake ni batoto. Anameza.»

Basi, majuma matatu niliangalia samaki mwanamuke moya, kidevu chake imejaa, anakataa mukate. Nilimwambia Faustin. Kishindo sikumwambia. Nani aliniuliza?

Siku ya kwanza ya ile juma, tusamaki, bale batoto badogo, tukatokea. Tulikuwa tudogo sawa ncha ya shindano ya kushona, na macho tu. Kishindo aliona tusamaki wakati wa chakula ya saa sita, alikuwa anaikala kimya pembeni ya kiziba; akaruka, akacheza pale pale na bilatu yake, akaita madamu, akapiga na simu ku biro. Aliwaambia bazungu wote wa biro bakuye magaribi ya siku ya posho, ile siku ya sita, baone batoto ya samaki ya Tanganika yenye ilizaliwa mu lupango yake.

Siku ya pili asubui, Faustin alifunua mikeka. Hakukuwa hata kamoya.

Kishindo alikuya na kikombe yake. Aliangalia. Akainama. Akaangalia tena.

«Faustin! Wapi batoto?»

Faustin aliweka mikono nyuma, ginsi anafanyaka mbele ya muzungu, akajibu na heshima yote: «Bwana, mama njo iko nabo mu kinywa.»

«Mama?»

Kishindo akageuka. Mu ile lupango yote, alikuwa anaita muntu moya tu «mama»: miye. Kwa bazungu, kila mwanamuke mweusi mwenye kikwembe ni mama. Jina yangu Laurentine hakuiyua. Na miye nilikuwa nasimama pa mulango wa boyeri, na kinywa imejaa.

Nilikuwa natafuna pemba, ule bulongo mweupe banauzisha ku soko. Banamuke ba mimba tunautamani sawa batoto banatamani sukari. Niliona Kishindo anakuya, tuu, tuu, tuu, nikafunika mudomo na mukono. Kwetu haufungue kinywa na chakula ndani mbele ya mukubwa wa kazi ya mume wako. Lakini macho yake niliisoma: kwa yeye, nilikuwa naficha.

«Mama, fungua!»

Alinikamata mukono, akaishusha mwenyewe. Nilifungua. Aliinama akaangalia ulimi yangu, meno yangu, ile nyeupe yote. Faustin alikuwa nyuma yake, uso yake imekuwa ya kijivu.

«Hapana, Bwana, hapana! Mama ya samaki! Haiko mama ya nyumba!»

«Samaki hapana mama!» Kishindo alipiga kelele. «Samaki natia mayayi ku dibwe, nakwenda zake. Buku nasema. Mama nakula, bwana yake nasema bongo. Mimi hapana mutoto ya kudanganya!»

Alikuwa na buku kweli, ya mapicha, kutoka Bulaya. Mu ile buku samaki zote zinatia mayayi ku mabwe na ku majani. Ile ya nkambo wangu haikuandikwa mule.

Akaingia mu nyumba, akatoka na buku ya kazi ya Faustin, ile yenye muntu anapaswa kuwa nayo kama anataka kuikala mu Elisabetvili. Aliiweka ku muguu yake, akaandika na wino. Nilisogea. Nilisomaka miaka ine kwa basista, na herufi ninaziyua. Zilikuwa tatu: v, o, l.

Moyo yangu ikaruka na furaha. Ku masomo, sista alichoraka ndege ku ubao, akaandika chini yake na Kifransa: le vol. Na kumbe ile juma kulikuwa ndege wa bluu, mwenye mudomo murefu, alikuwa anakuya kusimama ku ukuta na kuangalia mayi. Nikasema, muzungu ameelewa! Ameandika ndege! Kishindo alipoingia, nikamwambia Faustin kwa sauti ya chini: «Asante Mungu, ameona ni ndege njo aliogopesha mama yabo.»

Faustin aliniangalia kidogo, bila kasirani.

«Laurentine, vol iko mbili. Moya ni ya ndege. Ingine ni ya mwizi.»

Akanielezea ile ingine. Kishindo aliisha kuandika, lakini tampo, ile muhuri, haiyapigwa. Siku ya posho, mbele ya saa sita, atapeleka buku ku biro ya Serikali, bapige tampo. Bila tampo, ile neno ni wino tu, Kishindo anaweza kuikata na kutia jina yake pembeni. Ikipigwa tampo, hakuna muzungu wa Elisabetvili atampa Faustin kazi, na shiye tutapewa siku mbili ya kutoka mu muji. Treni mpaka Kongolo, kwabo ya Faustin, na ile tumbo yangu, kwa bantu benye habakutuita.

«Leta batoto ya samaki mbele ya siku ya posho,» Kishindo alimwambia, «na mimi naona.»

Siku ya tatu nilitosha kiti kidogo, nikaikala pembeni ya kiziba na majani yangu ya sombe ya kuchagua. Kukaa kimya ninaweza. Ku ziwa nilikuwa naangalia ndoano siku muzima. Jua ilipanda ku ukuta, mayi ikapata moto kidogo. Wakati wa saa sita, yule mama akatoka mu chungu ya kuvunjika. Kidevu chake ilikuwa sawa ya muntu mwenye ameficha bukari ya moto. Alisimama mu mayi, akageuka huku, akageuka kule. Akafungua kinywa. Kakatoka kamoya. Kisha tukatoka tote, polepole, sawa moshi ya tumbako.

Sikupiga kelele. Nilimupa Faustin ishara na mukono. Akakimbia, miguu mutupu, kuita Kishindo ku meza.

Kishindo akakuya na kitambala ya meza mu mukono, imbwa yake mbele. Tuu, tuu, tuu. Haiyafika hata pa pipa ya mayi ya mvua, yule mama akafungua kinywa, na bote bakaingia, sawa batoto ba masomo wakisikia kengele. Kishindo aliangalia: mabwe, majani, samaki moya ya majivu.

«Wapi?»

«Mu kinywa, Bwana,» nikasema.

«Kinywa ya nani?»

Faustin alifungua mudomo kujibu, akaniangalia, akaufunga tena. Ile neno «mama» aliiogopa sasa kuliko nyoka.

«Ya samaki mwanamuke,» nikasema. «Huyu.»

«Bongo,» Kishindo akasema, akarudia ku nyama yake.

Siku ya ine, vile vile. Tusamaki tukatoka, nikaita, Kishindo akakuya. Lakini ile siku alileta muti murefu ya wavu, akatia mu mayi, akapindua mabwe. «Kama beko, batoke!» Mama akakimbia, akajipiga ku simenti, na mu kinywa yake tukaponyoka tuwili. Niliona na macho yangu: tusamaki tuwili, nzima, mu jua.

«Bwana, angalia! Pale!»

Kishindo alikuwa anaangalia mukono ya shati yake yenye imelowana. Ule mwanaume wa bluu akapita mara moya, na tuwili hatukukuwako tena.

«Pale wapi?»

Ule mama alijisukuma chini ya chungu, mashavu yake yanapiga sawa moyo. Niliangalia kama atameza. Hakumeza. Nikahesabu mu roho: aliisha kuogopeshwa mara ngapi? Nkambo hakunipa hesabu.

Njo pale Kishindo akasema ile ya kutumaliza. Siku ya posho, saa tatu, Faustin atavuta kizibo. Mayi yote itoke. Samaki sita mukubwa atazitia mu bidoni, atampa rafiki wake wa Kipushi, mwenye boyi wake hana mama wa kukula. Na wote tutaona kama mu kiziba hakuna batoto. Kisha atapeleka buku.

Nilielewa mara moya. Mayi ikitoka, bilatu ikizunguka, bidoni zikilia, ule mama atafanya nini? Atameza. Na batoto bakiisha kuingia mu tumbo, hata Papa wa Roma hatasadiki.

Siku ya tano nilikwenda pa robine na ndoo yangu.

«Mama Kinywa anakuya!» Hortense akapiga kelele. «Banamuke, mutoe njia, atabameza na bandoo!»

Bakacheka. Nikaweka ndoo yangu chini.

«Yaya Hortense, kama Mungu angenipa kinywa sawa yako, samaki zote za Tanganika zingepata nafasi ya kulala.»

Ile mara bakacheka zaidi, na haikuwa juu yangu. Hortense alikasirika mpaka akamwanga mayi.

«Utacheka ku Kongolo! Mudogo wangu Clément anayua kutunza samaki. Na muke hana!»

Aliposema vile, banamuke bakaangaliana. Yeye pia alisikia ginsi ilitoka. Basi ilikuwa ile: nafasi ya Faustin. Bwalya, mume wake, alikuwa anapita na kikapu ya soko. Alisimama.

«Hortense, ile harufu ya siku ya pili ni ya kwetu. Uliunguza samaki ya kapenta, nikakula bukari na chumvi.»

Nilimfuata mpaka ku mulango wa lupango yabo. «Baba Bwalya, tafazali, useme ile mbele ya Kishindo.»

«Miye? Niende kwa muzungu wa jirani kusema muke wangu ni mubongo?» Akatikisa kichwa. «Laurentine, mutoto wangu, miye niko na kitanda moya tu.»

Ile magaribi Faustin alianza kukunja bintu. Alikunja blanketi, masufuria mbili, picha ya ndoa. Nilitoka kumusaidia na mikeka. Mama alikuwa ametosha batoto mu ile jua ya mwisho, karibu na bidoni ya moto. Faustin akatembea pembeni ya kiziba, miguu mutupu, mukeka ku bega. Tusamaki hatukutikisika. Kivuli chake ilipita juu yatu. Tulisogea kidogo, tukarudia kucheza. Kisha mbali, kule mu baraza ya mbele, Kishindo akarudia kutoka ku kazi. Tuu. Miye na Faustin hata hatukumuona. Lakini mayi ikakunjana sawa ngozi ya muntu anasikia baridi, na mama akafungua kinywa.

Nikaikala chini pale pale.

«Faustin,» nikasema, «si kivuli. Si ndege. Ni bilatu.»

Aliniangalia na mukeka mu mikono. «Sasa utafanya nini? Utamwambia muzungu atoe bilatu?»

Mutoto alinipiga ndani.

Siku ya posho, saa tatu, baridi ilikuwa ingali mu majani. Kishindo akakuya, imbwa nyuma yake. Buku ya Faustin ilikuwa mu mufuko wa nyuma wa suruali yake, nusu inje, tayari kwa njia. Madamu alikuwa pa dirisha. Hortense alikuwa ku mupaka wa lupango, hata hakujificha, alileta na kiti.

Faustin alisimama ku kona ya kiziba, munyororo ya kizibo mu mukono.

«Vuta,» Kishindo akasema.

«Bwana,» nikasema.

Sauti yangu ilitoka kidogo. Nikarudilia.

«Bwana, mbele avute, ninaomba kitu moya. Toa bilatu.»

Faustin alifunga macho. Mu Elisabetvili, muntu mweusi ndiye anatoaka kofia, ndiye anashukaka ku njia ya mawe muzungu akipita. Kuambia muzungu avue, tena mwanamuke, tena mwanamuke wa boyi!

«Nini?» Kishindo akasema. Haikuwa sauti ya kasirani bado. Alifikiri hakusikia.

«Toa bilatu, Bwana. Samaki inasikia. Kila mara ulikuya, ilisikia bilatu mbele hauyafika, ikaficha batoto. Toa, uikale chini sawa miye, ungoye.»

Hortense akacheka pa lupango, ile cheko ya pua. Uso ya Kishindo ikaanza kuwa myekundu kutoka shingo. Nikaona mukono yake inainuka, sikuyua kama ni kunipiga ao kumuonyesha Faustin avute. Nikasema mbio:

«Bwana, weye unapimaka madaraja. Piga muguu moya, kisha angalia mayi. Usiangalie samaki. Angalia mayi.»

Mukono ikasimama. Aliangalia mayi. Ilikuwa imelala kabisa, na ukuta ulionekana ndani. Akapiga muguu: tuu. Ukuta mule ndani ikavunjika. Duara kidogo zikatoka ku simenti, zikakwenda mpaka katikati, zikakutana.

Alipiga tena, polepole kuliko ile ya kwanza. Duara tena. Alisema neno ya Kifransa, kwa yeye mwenyewe. Nilimuona anaacha kuwa muzungu wa boyi, anakuwa muntu wa kazi yake.

Aliikala chini mu majani ya baridi. Akafungua kamba. Akatoa kilatu ya kwanza, akatoa ya pili, akatoa na soksi. Miguu yake ilikuwa myeupe sawa pemba, na ku kidole moya kulikuwa kidonda ya kubanwa. Hortense aliacha kucheka.

«Imbwa,» nikasema. Sasa sikuweza tena kuacha kusema. «Imbwa pia.»

Madamu mwenyewe alitoka, miguu mutupu, akaikamata imbwa ku shingo, akaingia nayo mu nyumba.

Tukangoya. Faustin na munyororo wake. Kishindo upande huu, miye upande ule, kiziba katikati. Jua ikashuka ku ukuta, ikafika ku mayi. Hakuna kitu. Ndani ya chungu niliona mukia ya mama, haitikisiki. Kishindo aliangalia saa ya mukono. Niliomba Bikira Maria. Kisha niliacha kuomba, juu wazo ingine iliingia: kama aliisha kumeza? Kama ilikuwa yana magaribi, ku ile tuu ya mu baraza? Nilimuambia muzungu avue bilatu mbele ya bantu bote, na kama kinywa iko mutupu, haitakuwa tena herufi tatu, itakuwa kaburi.

«Mama,» Kishindo akasema polepole, bila kugeuza kichwa, «mimi nangoya mpaka saa ine.»

«Ndiyo, Bwana.»

Ndege wa bluu akakuya, akasimama ku ukuta. Faustin akamutupia jicho tu. Kutupa dibwe hakuweza. Ndege akaangalia mayi, akatuangalia, bantu batatu benye banaikala sawa masanamu, akaenda zake.

Kisha mukia ikatikisika. Mama akatoka kinyume, sawa muntu anavuta muzigo. Kidevu chake ilikuwa ingali imejaa. Niliuma ulimi. Alikwenda karibu na bidoni ya moto, pale mbele ya uso ya Kishindo. Akageuka huku. Akageuka kule.

Akafungua.

Kakatoka kamoya. Kakasimama mbele ya mudomo yake. Kisha tuwili, kisha tukamwangika tote mu jua. Kishindo alijilaza na tumbo, kidevu ku simenti, pua karibu kugusa mayi. Mama akaogopa kidogo, akafungua tena, tungine tukaingia mbele ya macho yake, tukatoka tena.

«Mama,» akasema. Alikuwa anaangalia samaki. «Mama. Mu kinywa.»

«Ndiyo, Bwana,» Faustin akasema. «Ile njo nilisema.»

Nyuma yangu nilisikia kiti ya Hortense inakokotwa ku bulongo.

Kishindo alianza kuhesabu na Kifransa, kidole yake inatembea juu ya mayi bila kugusa. Alikuwa analala pale na tumbo, suruali yake imelowana na umande, na buku ya Faustin ilikuwa inatoka mu mufuko wa nyuma, karibu yangu. Ningenyoosha mukono ningeifikia. Mbali, kule mu muji, kengele ya kanisa ikapiga saa ine. Biro ya tampo inafungwa saa sita.

«Bwana,» nikasema chini chini, juu tusamaki tusirudie ndani. «Ile neno mu buku. Herufi tatu. Tafazali, uikate na utie jina yako.»

«Vingt-deux,» Kishindo akasema. «Vingt-trois.»

Faustin alikuwa angali na munyororo mu mukono. Hakuna mwenye alimwambia auache.

«Bwana? Ile neno. Utaikata?»